Kabla hujanunua diski ya kuhariri video, angalia tundu kwanza

Inboksi yangu imejaa swali moja: "Kompyuta yangu ya mezani imejaa, video zinakwamakwama, ninunue diski gani ya nje yenye spidi?" Nimeona nijibu hapa wote msome, maana hapa kwenye diski watu wanapigwa sana, na wengine wanajipiga wenyewe.

Diski iwe na spidi kiasi gani, ukiichomeka kwenye tundu la kizamani itakwenda kwa spidi ya tundu. Gari lako liwe jipya vipi, ukikata lami ukaingia njia ya mchanga, wewe na bajaji mnakwenda mwendo mmoja.

Sasa wengi wetu huku Mbegani na Bagamoyo mjini tunatumia kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, zile Dell OptiPlex na HP. Zinafanana kwa sura lakini matundu hayafanani. OptiPlex 790 na 990, za mwaka 2011, zina USB 2.0 peke yake. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo ukiiweka pembeni ya 790 unaweza kudhani ni pacha wake, ina matundu manne ya USB 3.0, mawili mbele na mawili nyuma. Hiyo tofauti ya mwaka mmoja ndiyo inaamua kama pesa yako ya diski itafanya kazi.

Tupige hesabu. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, lakini kwenye kazi halisi unapata megabaiti 30 hadi 40. USB 3.0 ni gigabiti 5, na kwa mkono unapata kama megabaiti 400. Hadi diski ya kawaida ya kuzunguka, ile ndogo ya mfukoni, yenyewe inatoa megabaiti 100 hadi 130. SSD ya SATA inafika kama 500. Kwa hiyo mzigo wa gigabaiti 60, ambao mtu aliyeshinda anarekodi ngoma kwenye tamasha la TaSUBa anaufikisha bila shida, kwenye USB 2.0 unakula karibu nusu saa. Hadi diski ya kuzunguka kwenye USB 3.0 ni dakika nane na ushee. SSD kwenye USB 3.0 ni dakika mbili na nusu.

Zile SSD ndogo za NVMe zinazotangazwa kuwa na megabaiti 1,000 kwa sekunde zinahitaji tundu la gigabiti 10. Kompyuta zetu hizo hazina. Usilipie spidi ambayo mashine yako haiwezi kuipokea. SSD ya SATA kwenye kasha la USB 3.0 inatosha kabisa.

Utajuaje tundu lako? Rangi ya bluu ndani ya tundu au herufi SS pembeni yake ni dalili nzuri, ila kuna USB 3.0 nyeusi pia. Uhakika uko kwenye Windows: fungua Device Manager, shuka mpaka sehemu ya USB, tafuta neno xHCI au eXtensible. Lipo, una USB 3. Halipo, bado usikate tamaa: kuna kadi za USB 3.0 zinazochomekwa ndani kwenye nafasi ya PCIe, na ni kazi ya bisibisi tu. Kama kompyuta yako ni ile nyembamba, mwambie muuzaji unataka kadi yenye bati fupi, na uangalie kama kadi inadai umeme wa ziada kutoka ndani. Na kama diski yako haitoki nyumbani, kuna njia rahisi zaidi ambayo watu hawaifikirii: funga SSD ya SATA ndani ya kompyuta kabisa. Tundu la nje halihusiki tena.

Halafu waya. Hili naliona kila siku. Mtu ana SSD nzuri, tundu zuri, halafu amechukua waya wa kuchajia simu kwa sababu vichwa vinafanana. Nyaya nyingi za chaji ni USB 2.0 ndani. Diski inawaka, inasoma, kila kitu kinaonekana sawa, ila spidi ni ile ya megabaiti 40. Tumia waya uliokuja na diski, uuwekee alama hata ya rangi ya kucha, watoto wasiondoke nao.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna mtu anaweza kuokoa pesa yote. Diski siyo mkosaji kila mara. Kuna dada wa Mlingotini anauza sabuni za mwani, alikuwa tayari kwenda Kariakoo kununua SSD kwa sababu video za simu yake zinaganda akizihariri. Nikamwambia abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue sehemu ya utendaji, kisha acheze video ikiganda. Diski ilikuwa inafanya kazi kidogo tu. Prosesa ilikuwa asilimia 100. SSD isingemsaidia chochote.

Sababu yake ni hii. Video ya 4K ya iPhone kwa fremu 30 ni kama megabaiti 170 kwa dakika. Gawanya kwa sekunde 60, hata megabaiti 3 kwa sekunde hazifiki. Mzigo huo hata USB 2.0 inaubeba. Kinacholemea ni kuifungua, kwa sababu imebanwa kwa mtindo wa HEVC, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 6 hazina sehemu kamili ya kufanya kazi hiyo. Dawa ziko mbili na zote bure. Ya kwanza, washa proksi kwenye programu yako ya kuhariri: inatengeneza nakala nyepesi ya kufanyia kazi, na mwisho inatoa video kwa ubora wa ile halisi. Ya pili, kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, kwenye fomati, chagua Most Compatible. Faili litakuwa kubwa karibu mara mbili ila kompyuta itapumua. Na jamani, tangazo la sabuni litakaloangaliwa kwenye stetasi halihitaji 4K.

Kwa hiyo pima kwanza. Diski ikigonga asilimia 100 na prosesa imetulia, hapo nunua.

Ukienda kununua, kimbia mbali na SSD ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Hizo ndani zina kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ioneshe ukubwa ambao haina. Unaijaza, inakubali, halafu faili za mwanzo zinakufa kimyakimya. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw: inaandika diski nzima halafu inasoma tena. Inachukua muda, lakini fanya hivyo siku ya kwanza, ukiwa bado na risiti. Hata SSD halali za bei ya chini sana huanza mbio halafu zinachoka katikati ya mzigo mkubwa, hivyo jaribu na gigabaiti 50, siyo mbili.

Kabla ya kuanza kuitumia, angalia imepangwa kwa mfumo gani. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na video ndefu inalizidi. Kama unatumia Windows tu, weka NTFS, inastahimili vizuri zaidi umeme ukikatika ghafla. Kama unapeana kazi na mwenye Mac, weka exFAT, lakini hapo UPS ndogo siyo anasa. Kumbuka kupanga upya kunafuta kila kitu.

SSD iwe ya kazi inayoendelea. Kazi ya mteja ikiisha, nakili kwenye hadi diski ya bei nafuu na uiweke chumba kingine. Usifute kwenye simu mpaka nakala ziwe mbili, maana mteja aliyelipia video hataki kusikia habari za diski kufa. Na sisi wa pwani hewa ina chumvi: diski isiyotumika ikae kwenye kopo la plastiki linalofunga, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Ukiuliza kwenye komenti, taja modeli ya kompyuta na kama umeona xHCI au eXtensible, la sivyo nami nitaanza kwa kukuuliza hayo hayo.