Fangasi ikivamia jicho, kisu cha daktari kinaokoa nini?

Msomaji wangu, sema ukweli. Jicho likiwasha na kuwa jekundu, huwa unaenda wapi kwanza? Najua jibu. Unapita duka la dawa pale stejini, unamwambia mhudumu "nipe ya macho", anakupa kachupa kadogo, unalipa kwa simu, unaenda zako. Siku nyingi mambo huishia hapo. Leo tuongee kuhusu ile siku ambayo hayaishi.

Kabla hujaniuliza: la, mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini haya mambo nimeyasoma sana, na kuna kitu kimoja watu wengi hawajui. Wanadhani fangasi ikiharibu jicho, mtu anafanyiwa upasuaji na macho yanarudi kama zamani. Maze, si hivyo.

Chukua hali hii. Umeenda ushago kusaidia kuvuna mahindi, jani kavu linakuchapa jichoni. Ama uko jua kali, unasaga chuma bila miwani ya kujikinga. Konea inakwaruzika. Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, mbele ya ile sehemu nyeusi. Ni nyembamba ajabu, karibu nusu milimita pale katikati. Mkwaruzo huo ni mlango. Kuvu za aina ya Fusarium na Aspergillus zimejaa kwenye udongo na mimea, na jani lile limekuja nazo.

Konea haina mishipa ya damu. Ndiyo maana inapitisha mwanga vizuri hivyo. Lakini ina maana pia kwamba askari wa mwili wanafika pale kwa kuchelewa, na tembe unazomeza zinafika kidogo. Kuvu haina haraka. Inapenyeza nyuzi zake polepole, siku kwa siku, kama mizizi. Wewe unaona jicho linatoa machozi, mwanga unauma, halafu baada ya siku kadhaa kunatokea doa jeupe juu ya ile sehemu nyeusi.

Sasa ile kachupa. Dawa nyingi za macho zinazouzwa kiholela huwa na steroidi iliyochanganywa na dawa ya kuua bakteria. Dawa ya bakteria haiui kuvu. Steroidi nayo inapunguza wekundu na maumivu, kwa hivyo unajiangalia kwenye kioo na kusema, poa, napona. Kumbe imewanyang'anya askari wa mwili silaha, na kuvu inakula bila bughudha. Hapa ndipo jicho linapopotea, muda mrefu kabla ya mtu kufika hospitalini.

Hili si jambo la mbali. Jirani zetu wa Mbarara, Uganda, madaktari walifuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea. Zaidi ya nusu ya vidonda ilikuwa fangasi. Nusu ya wagonjwa walifika hospitalini wakiwa wamekaa na ugonjwa zaidi ya wiki mbili, na wengi walikuwa wameshaweka dawa za kienyeji machoni. Duniani kote, makadirio yaliyochapishwa 2021 yanasema watu zaidi ya milioni 1 hupata fangasi ya konea kila mwaka, na karibu jicho 1 kati ya 10 huishia kuondolewa.

Na wewe wa mjini unayevaa lenzi za rangi ulizonunua mtandaoni, usidhani hadithi hii ni ya wakulima. Mwaka 2006 Marekani ilipata mlipuko wa Fusarium kwa wavaaji wa lenzi. Wagonjwa 164 walithibitishwa, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maji fulani ya kusafishia lenzi, ReNu with MoistureLoc, ambayo kampuni iliyaondoa sokoni dunia nzima. Karibu thuluthi moja ya wagonjwa hao walihitaji kubadilishiwa konea. Lenzi hazioshwi kwa maji ya mfereji, hazilaliwi, na haziazimwi kwa sababu rafiki ana sherehe Jumamosi. Nimemaliza hilo.

Ukifika kwa daktari wa macho mapema, kazi huanza na kukwangua. Anakutia tone la ganzi, anakwangua kidonda kidogo kwa kisu au sindano, anapeleka kwenye hadubini. Nyuzi za kuvu zinaweza kuonekana siku hiyo hiyo. Kukwangua kwenyewe ni tiba pia, kwa sababu kunaondoa sehemu iliyooza na kufungulia dawa njia. Dawa yenyewe mara nyingi ni natamaisini, matone unayotia kila saa, mchana na usiku siku za mwanzo, kisha kwa wiki nyingi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Inachosha, lakini wengi hupona hapo bila kupasuliwa zaidi.

Wasiopona ndio wanaofika kwa kisu. Konea inazidi kuyeyuka, na siku moja inatoboka. Tundu likiwa dogo, la milimita 2 hivi, daktari anaweza kuliziba kwa gundi, ndugu ya ile ya kubandikia viatu, ila hii ni ya kitabibu (tafadhali usijaribu nyumbani), kisha anaweka lenzi laini juu kama bandeji. Kidonda kisichopona wakati mwingine hufunikwa kwa kuvuta ile ngozi laini ya sehemu nyeupe ya jicho. Ngozi hiyo ina mishipa ya damu, inaleta uponyaji. Huoni kitu kupitia kwake, lakini jicho limebaki.

Tundu likiwa kubwa, au kuvu ikikaribia kuingia ndani ya jicho, inabidi konea yenyewe itolewe. Daktari anatumia kifaa cha duara chenye makali, anakata kidonda chote na kuongeza kama milimita moja ya sehemu inayoonekana nzima, kwa sababu nyuzi za kuvu hufika mbali kuliko macho yanavyoona. Kisha anashona konea ya mtu aliyefariki mahali pale, mara nyingi mishono 16 hivi, kwa uzi mwembamba kuliko unywele wako.

Upasuaji huu lengo lake ni kuitoa kuvu na kuokoa jicho. Kuona ni bahati ya baadaye. Konea ikiwekwa kwenye jicho tulivu, hubaki safi kwa wengi. Ikiwekwa kwenye jicho linalowaka kwa ugonjwa, hatari ya kukataliwa na mwili iko juu. Na dawa ya kuzuia kukataliwa ni ipi? Steroidi, ile ile. Daktari akiitoa mapema, mabaki ya kuvu yanaamka. Akiichelewesha, konea mpya inageuka ukungu. Kwa kawaida wanasubiri wiki kadhaa, wakiendelea na dawa ya kuvu, wakiomba iwe imeisha.

Halafu kuna swali la konea yenyewe inatoka wapi. Inatakiwa kuchukuliwa saa chache baada ya mtu kufa, na ikihifadhiwa kwenye baridi hukaa siku 14 hivi. Aliyevaa miwani anaweza kuchangia. Mwili hauharibiwi sura. Lakini sisi hatuongei haya nyumbani. Tunaongea kuhusu mazishi na michango, si macho. Konea freshi ikikosekana, daktari anaweza kutumia iliyohifadhiwa kwenye gliserini. Hiyo haina uhai tena na hutamuonea mtu kupitia kwake, ila inaziba tundu na kununua muda.

Na kuvu ikishajaa ndani, maumivu hayashikiki, jicho haliioni hata tochi? Hapo daktari anatoa kilichomo ndani ya jicho, anaacha ganda jeupe na misuli, anaweka mpira mdogo. Wiki 6 hivi baadaye mtu anatengenezewa jicho bandia linalofanana na jenzake, na linasogea kidogo akigeuza macho. Ukikutana naye kwa matatu huenda usijue.

Aliyebahatika kubaki na jicho anasubiri. Miezi inapita, wekundu unaisha, na kama konea ya kwanza iligeuka ukungu, ndipo daktari anaweza kuzungumzia ya pili, hii sasa ya kuona. Kila siku matone. Nyuzi zile hukaa mwaka hivi, kisha zinatolewa, ukiwa umeketi tu kwenye kiti, kidevu juu ya mashine, tone moja la ganzi.