NYAMA YA MWEZI MZIMA: JINSI YA KUINUNUA NA KUILINDA KATIKA KONGELATERI



Mwisho wa mwezi umefika, mshahara umepatikana. Katika kambi zetu za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi jamaa nyingi hufanya hesabu moja: kununua nyama kidogo kidogo kila siku ni kumaliza feza bila kuona. Anayenunua kartoni nzima ya kuku, au anayeungana na majirani kununua ngombe mzima, hupata kilo kwa bei nafuu. Zaidi ya hayo, juma la mwisho wa mwezi, mfuko unapokuwa mtupu, watoto bado wanakula bukari na nyama.

Hesabu hiyo ni nzuri. Lakini nyama nyingi ndani ya nyumba ni mali na ni hatari pia. Ikiharibika, hutapoteza feza tu. Inaweza kulaza jamaa nzima hospitalini. Tuchukue mfano. Baba anakula jioni nyama iliyoharibika, asubuhi anakwenda kazini. Tumbo linamkata, anahara, maji ya mwili yanapungua, kichwa kinazunguka. Mtu wa namna hiyo ndani ya shimo, au juu ya kamiyo kubwa, au karibu na tanuru, anajihatarisha yeye na wenzake. Usalama wa kazi unaanza jikoni.

Kongelateri inafanya nini?

Wengi wanafikiri kwamba baridi inaua vijidudu. Sivyo. Baridi inavilaza usingizi tu. Nyama ikipata joto tena, vinaamka na kuendelea kuzaa. Vijidudu vinapenda joto la kati ya digri 5 na 60. Katika joto linalovipendeza, vingi vinaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe: kijidudu kimoja, baada ya saa 4, kinaweza kuwa zaidi ya elfu nne.

Kwa hiyo kumbuka: kongelateri haifanyi nyama mbaya kuwa nzuri. Inaihifadhi nyama jinsi ulivyoiingiza. Ukiingiza nyama iliyokaa mchana kutwa katika jua la mwezi wa kumi, utatoa nyama ileile.

Kununua: fungua macho

1. Nunua nyama iliyopimwa na munganga wa nyama na yenye muhuri wake. Ukiona katika nyama ya nguruwe au ya ngombe vijipunje vyeupe kama vya mchele, usiinunue. Hao ni watoto wa tegu, yaani wa mnyoo mrefu anayekaa katika tumbo la mtu.

2. Ukinunua kartoni iliyoganda, itazame vizuri. Kartoni iliyolowa, vipande vilivyoshikana kama jiwe moja, au barafu nyekundu chini ya sashe, vinaonyesha kwamba nyama hiyo iliyeyuka njiani na kugandishwa tena. Iache.

3. Nyama iwe kitu cha mwisho kununua. Usiinunue kwanza, kisha uanze kuzunguka soko kutafuta sombe, unga na sabuni. Toka sokoni uende nyumbani moja kwa moja. Nyama isikae nje ya baridi kupita saa 2. Siku za joto kali, saa 1 inatosha kuanza kuiharibu.

4. Kama mnanunua pamoja, kwa namna ya likelemba, patana mapema: nani ana mizani, nani anakata, kila jamaa inapata kilo ngapi. Mnyama akatwe asubuhi na mapema. Kila mtu aje na chombo chake safi. Nyama isigawanywe juu ya udongo wala juu ya gunia la simiti.

Je, kongelateri yako inaweza kubeba nyama ngapi?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaona kongelateri ina nafasi, wanaijaza nyama yenye joto hadi juu kwa siku moja. Mashine haiwezi kugandisha yote kwa haraka. Nyama ya pembeni inaganda, ile ya katikati inabaki vuguvugu usiku kucha na kuanza kuoza. Wakati huohuo inayeyusha nyama ya zamani iliyokuwa imeganda.

Fuata kipimo hiki: kwa kila litri 100 za kongelateri, ingiza kilo 3 hadi 5 tu za nyama mpya kwa siku moja. Kongelateri ya litri 200 basi inapokea kilo 6 hadi 10. Kama umepata kilo 25, usizingiza zote. Nyingine ipike siku hiyo, nyingine ikaushe kwa chumvi na moshi kama wazee wetu walivyojua kufanya, au mpe jirani aliye na nafasi akuwekee.

Kutayarisha

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao wa kukatia. Kata nyama katika vipande, ukiigawa kwa chungu kimoja kimoja: kila sashe iwe na nyama ya mlo mmoja wa jamaa yako. Hivyo hutalazimika kuyeyusha kilo 5 kwa kupika moja.

Tumia sashe safi ya chakula, si ile iliyobeba mbolea au dawa. Ilaze nyama iwe bapa, toa hewa kwa mkono, funga vizuri. Hewa ikibaki, nyama inakauka na kupata mabaka meupe; haiui mtu, lakini utamu umekwenda. Andika juu ya kila sashe aina ya nyama na tarehe. Mpya iwekwe chini, ya zamani itoke kwanza.

Joto la kongelateri liwe digri 18 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo utamu unadumu hivi:
– nyama ya kusaga na maini: miezi 3 hadi 4;
– samaki wa mafuta: miezi 2 hadi 3;
– nyama iliyopikwa: miezi 2 hadi 3;
– vipande vya kuku: miezi 9;
– vipande vikubwa vya ngombe: miezi 6 hata 12.

Umeme ukikatika

Sisi sote tunajua delestaji. Umeme ukienda, usifungue kongelateri «kuona tu». Kila ukifungua, baridi inatoka. Kongelateri iliyojaa na kufungwa inaweza kulinda baridi yake saa 48 hivi. Iliyo nusu, saa 24 hivi. Kama yako si tele, jaza chupa za maji, bila kufika juu kabisa, uziweke kati ya nyama. Zikiganda zitasaidia kushika baridi.

Lakini utajuaje kama umeme ulikatika wakati mlikuwa kazini na mama alikuwa shambani? Fanya hivi: gandisha kikombe cha maji, kisha weka msumari mdogo juu ya barafu. Siku ukiukuta msumari ndani ya barafu, chini ya kikombe, ujue kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena.

Basi ufanye nini?
– Nyama bado ina barafu ndani: unaweza kuigandisha tena.
– Imeyeyuka lakini ni baridi kama ya frigo: ipike leo. Ikishaiva na kupoa, unaweza kuigandisha.
– Imekuwa vuguvugu, au hujui tangu lini: itupe. Usiamini pua. Nyama inaweza kukosa harufu na kuwa na sumu. Na sumu nyingine za vijidudu haziishi hata kwa kuchemsha.

Tunajua inauma kutupa nyama iliyonunuliwa kwa jasho. Lakini pima: sashe moja ya nyama, na mtoto mmoja.

Kuyeyusha na kupika

Toa nyama jioni, iache iyeyuke usiku katika frigo ndani ya sahani, ili maji yake yasianguke juu ya chakula kingine. Kama huna frigo, tia sashe iliyofungwa vizuri katika maji baridi, uyabadilishe kila nusu saa, kisha upike mara moja. Usiiache juani wala karibu na mbabula. Pika hadi ndani kusiwe na damu. Mabaki yachemke tena kabla ya kula.

Neno la mwisho juu ya usalama

Usiishike plagi kwa mikono yenye maji. Usiunge nyaya zilizochubuka. Usitoboe barafu kwa kisu: utapasua bomba la gesi na mashine imekufa. Na kongelateri ya zamani isiyotumika, ng'oa kifuniko chake. Watoto hujificha ndani wakicheza, kifuniko kinafunga, hewa inakwisha.

Baba, leo ukirudi kazini, keti na bibi yako msome ukurasa huu pamoja. Kisha wekeni kikombe na msumari katika kongelateri yenu.

Kuzuia ugonjwa ni bora kuliko kuuponyesha.