Sakafu ya Banda la Gari: Tusikimbilie Mng'aro

Katika nyumba nyingi zijengwazo siku hizi, banda la gari hufikiriwa mwisho, kisha hupewa marumaru zilizobaki sebuleni. Shauri hilo hatuliafiki. Marumaru ya sebuleni ni laini kama kioo. Ikimwagikiwa maji au oili huteleza, na hapo ndipo hupita mama mwenye mtoto mgongoni na babu mwenye mkongojo. Tena fundi akiibandika kwa matonge machache ya saruji, hubaki uwazi chini yake, na gurudumu likipita huipasua.

Wengine huvutiwa na rangi ya epoksi. Ni nzuri kweli: hainywi oili na husafishika upesi. Adui yake ni unyevu upandao kutoka ardhini, nao katika nyumba zetu za pwani si mgeni. Kabla hujanunua hata kopo moja, ndugu msomaji, tandaza kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, rangi itabambuka. Zege jipya nalo lisubiri siku 28.

Kwa kaya ya kipato cha kawaida, sisi tungechagua zege tupu lililoinamishwa kidogo kuelekea mlangoni, likapitishwa ufagio lingali bichi ili liwe na mikwaruzo, kisha likamwagiliwa maji siku 7. Oili ikidondoka, nyunyiza vumbi la mbao liifyonze, ndipo ufagie. Usiisukume kwa maji hadi mtaroni kwa jirani.