Kutoka Kamembe hadi mlango wa Emily: safari ipi iko ndani ya uwezo?

Saluni ninayosukia hapa Kamembe, wilayani Rusizi, ina kioo kimoja kikubwa na simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la mafuta. Kila nikienda, kwenye simu hiyo yupo Emily, yule msichana wa Chicago katika tamthilia ya Emily in Paris, anakimbia na viatu vyake virefu juu ya mawe ya barabara. Msusi anasuka, jicho moja kwenye kichwa cha mteja, jingine kwa Emily. Siku moja msichana aliyekaa kiti cha jirani aliniambia, "Dada, mimi nimeanza kuweka akiba. Nataka nikasimame mbele ya ule mlango wake, nipige picha moja tu." Nikamuuliza kama amepiga hesabu. Bado. Msusi akadakia: "Dada, si wewe ulifika? Mwambie basi."

Nilifika, ndiyo. Mei 2025 nilikwenda Ufaransa kumwona mdogo wangu anayeishi Lille, na siku moja tukateremka Paris. Nilimwahidi yule msichana nitamwandikia hesabu yote, pamoja na safari nyingine mbili ambazo mtu wa Rusizi anayependa kuona mahali filamu zilipopigwa anaweza kuzifikiria. Hesabu yenyewe ni hii. Nimebadilisha euro moja kwa faranga za Rwanda 1,650 hivi na dola moja kwa 1,440 hivi. Ukisoma, angalia bei ya siku hiyo.

Nianze na Paris, maana ndiko pesa zinakovujia.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kuuona mlango wa Emily ni bure. Nyumba iko Place de l'Estrapade, namba 1, uwanja mdogo wenye miti na chemchemi katikati, dakika chache kwa miguu kutoka Panthéon. Mkahawa wa Gabriel, yule mpishi jirani yake, ni mkahawa wa kweli wa Kiitaliano uitwao Terra Nera, uko hapohapo kwenye kona. Duka la mikate ambako Emily alionja mkate wake wa chokoleti ni La Boulangerie Moderne, mlango wa pili kutoka mkahawa huo. Ukisimama katikati ya uwanja unaviona vyote vitatu bila kuhama. Hakuna lango wala tiketi, na hakuna mlinzi wa kukuuliza unatafuta nini.

Ila ndani ya nyumba usitarajie chochote. Chumba cha Emily, kile chenye dirisha analoegemea asubuhi, kilijengwa studioni huko Saint-Denis, kaskazini mwa Paris. Ukiona mtu anakuuzia ziara ya "nyumba ya Emily", ujue anakuuzia mlango wa nje ambao tayari ni wa kila mpita njia. Na ndani wanaishi watu wa kweli. Nilimwona mama mmoja akirudi na mfuko wa mboga akisubiri wasichana wanne wamalize kupiga picha ndipo aingie kwake. Hakusema neno, lakini uso wake ulisema. Niliona haya kwa niaba yetu sote, nikaweka simu mfukoni, na picha yangu nikaipiga kutoka ng'ambo ya chemchemi.

Usafiri wa mjini nao hauna mzigo. Mwaka 2025 tiketi moja ya treni ya chini ya ardhi au RER ilikuwa euro 2.50, yaani faranga 4,125. Kutoka stesheni ya Gare du Nord, treni ya RER B inakufikisha Luxembourg moja kwa moja, na kutoka hapo ni kutembea tu. Ukitoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle ni RER hiyohiyo, lakini tiketi yake mwaka huo ilikuwa euro 13, karibu faranga 21,500. Sehemu nyingine unaziunganisha kwa miguu: bustani ya Palais-Royal, ambako Emily anakutana na rafiki yake Mindy, ni bure, Place de Valois, ilipo ofisi ya Savoir, kampuni anayofanyia kazi Emily, ni hatua chache kutoka hapo, bure, daraja la Pont Alexandre III, bure. Kinacholipiwa ni jumba la opera la Palais Garnier, na hilo nalo ngazi zake za nje unazitazama bila kutoa senti.

Kwa hiyo siku nzima ya Emily ilinigharimu tiketi mbili za treni ya mjini, mkate wa chokoleti na kahawa. Kahawa ndiyo iliyoniuma. Tulikaa nje, mezani, tukitazama watu, na bili ilipokuja mdogo wangu akacheka: "Wewe dada, hukuangalia ubao?" Katika mikahawa mingi ya Ufaransa kuna bei ya kusimama kaunta na bei ya kukaa nje, na ya nje ni kubwa zaidi. Kahawa ni ileile, kikombe ni kilekile, unachoongezewa ni kiti. Mkate nao ununue dukani kisha ukaulie kwenye benchi la uwanjani, ndivyo wanavyofanya wenyeji.

Sasa tugeuze sahani. Kabla hujaukanyaga uwanja huo, umeshalipa nini? Pasipoti ya kawaida ya miaka 5 ni faranga 75,000. Ombi la viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani kama faranga 148,500, na ukinyimwa viza pesa hizo hazirudi. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Hapo tayari umepita faranga 220,000, bima haimo, na bado uko Kamembe na nguo zako za kawaida. Ndege ya RwandAir inakwenda Paris moja kwa moja kutoka Kigali tangu Juni 2023, na tiketi ya kwenda na kurudi, hata ukiwahi, iweke karibu na milioni moja au zaidi. Malazi sijayataja. Mimi nililala kwa mdogo wangu. Asiye na ndugu huko, hoteli ya siku nne inaweza kuifukuzia tiketi ya ndege.

Nilimwambia yule msichana hivi: kama una ndugu Lille, Brussels au Paris kwenyewe na ulikuwa uende kumwona hata hivyo, mpe Emily siku moja, haitakugharimu sana. Lakini kukata tiketi kutoka hapa kwa ajili ya mlango peke yake, hapana. Utakuwa umelipa zaidi ya milioni kwa kitu ambacho ukikifikia ni bure.

Safari ya pili ndiyo ninayoipigia debe kwa mtu aliyeweka akiba ya mwaka: Unguja. Wanaopenda hadithi ya mapenzi wanaijua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, kisa cha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyempenda, na Denge, kijana mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa kama filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Siyo vichekesho, lakini mapenzi yake yana moto ambao Emily hajaufikia, na vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye milango ya misumari viko palepale. Huko hununui tiketi ya kutembea kichochoroni. Jioni unakaa Forodhani na bakuli la urojo mkononi.

Gharama inashuka kwa sababu mbili. Sisi na Tanzania tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hakuna ada ya viza wala foleni ya ubalozi, pasipoti inatosha. Na njia ya nchi kavu ipo: basi kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo. Ni zaidi ya siku nzima barabarani, miguu inavimba, lakini nauli yake ni sehemu ndogo tu ya tiketi ya ndege. Kutoka Dar, boti ya kasi kwa mgeni asiye mkazi weka dola 35 daraja la kawaida, kama faranga 50,000 kwenda tu, na nyingine kama hizo kurudi. Kumbuka pia bima ya lazima ambayo Zanzibar iliianzisha kwa wageni Oktoba 2024. Bei yake ya kawaida ni dola 44, kama faranga 63,000. Watu huisahau, wakaikumbuka wakiwa wamefika.

Lakini faida kubwa ya Unguja haimo kwenye karatasi. Paris nilikuwa mtazamaji. Kifaransa changu cha shule kilinitosha kununua mkate, hakikunitosha kumwuliza yule mama mwenye mfuko wa mboga anajisikiaje. Unguja unaulizia njia kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili, na mzee aliyekaa barazani anaweza kukueleza mtaa ulivyokuwa kabla hata kamera haijafika. Hilo kwangu lina thamani kuliko picha kumi za mlango.

Tatu, tukae nyumbani. Watu wengi wa Rusizi hawajui kwamba Petit Pays, filamu ya mwaka 2020 aliyoiongoza Éric Barbier kutoka riwaya ya Gaël Faye, ilipigwa Rwanda, sehemu kubwa Gisenyi, yaani Rubavu. Hadithi ni ya Bujumbura. Gisenyi ndiyo iliyovaa nguo za Bujumbura. Si filamu ya kuchekea, maana inaanza na utoto na maembe, inaishia kwenye vita na mauaji ya kimbari. Nami sikushauri uende kwa moyo wa kupiga picha za mbwembwe. Lakini nusu yake ya kwanza, watoto, ziwa, wazazi waliopendana wakashindwana, ni hadithi ya watu wa maziwa haya haya. Katika kitabu familia hiyo inasafiri hadi Bukavu kwa rafiki wa baba. Bukavu hiyo ndiyo ninayoiona taa zake usiku nikisimama kwenye kibaraza changu.

Nilikwenda Rubavu Ijumaa moja, nikarudi Jumapili. Nauli ya basi kutoka kituo cha mabasi cha Kamembe hadi Karongi, na kutoka Karongi hadi Rubavu, zote mbili kwa pamoja hazifiki faranga 15,000 kwa njia moja, na ni bei zilizopangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, kwa hiyo hakuna kubishana na kondakta. Chumba cha kawaida nililipa 20,000 kwa usiku. Sambaza za kukaanga na ndizi, chai, pikipiki mbili tatu: faranga 15,000 kwa siku zote. Ufuo wa mji ni bure. Barabara ya kando ya ziwa, yenye majumba ya zamani yaliyofunikwa na maua ya ukutani, ni bure. Jumla sikufika laki moja.

Usiku wa kwanza niliitazama filamu tena chumbani, kesho yake nikatembea polepole nikilinganisha. Kilichonishangaza ni ziwa. Tanganyika ya Bujumbura ina mamba na viboko, mtoto wa huko anakua akionywa. Kivu haina, na asubuhi ile watoto walikuwa wanarukia maji kama vyura, mmoja amefunga dumu tupu mgongoni ili aelee. Nilikaa hadi jua likaniunguza shingo. Paris nilikaa uwanjani dakika arobaini, nikashiba.

Kuhusu Kigali nitakuwa mfupi. Watu huniuliza kuhusu hoteli ya Mille Collines kwa sababu ya Hotel Rwanda ya 2004, lakini filamu hiyo kwa sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Hoteli ni ya kweli, historia yake ni ya kweli; kamera zilisimama kwingine. Shooting Dogs ya 2005 ilipigwa palepale katika shule ya ETO, Kicukiro, mahali watu wetu walipoachwa wakauawa. Huko hakwendwi kwa ajili ya sinema. Ukiwa Kigali nenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, ambako kuingia ni bure, na uende bila haraka.

Kabla hujalipa yeyote anayekutembeza, popote pale, muulize maswali mawili: kamera zilisimama hapa kweli, au ni mfano wake tu? Na ninachokilipia, je, ningekiona bila wewe? Mtembezaji mzuri hakasiriki. Atakujibu kwamba unalipia hadithi zake na muda wake, na mara nyingine inafaa kulipa.

Yule msichana wa saluni ameniambia ataanza na Rubavu, na Unguja ataifikiria akishapata pasipoti. Nimempa shauri moja tu la mwisho. Basi la asubuhi la Karongi likifunguliwa mlango, usikimbilie kiti cha mbele. Kaa kushoto, dirishani. Ziwa liko upande huo, na karibu njia nzima halikuachi.