Eropleni ya Kufundishia Iliyosalia Peke Yake

Hakuna mtu azaliwaye na maarifa ya kuruka angani. Rubani lazima afundishwe, na eropleni ya kumfundishia si sawa na ile ya vita. Ina viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila kiti kina fimbo yake ya kuongozea na vikanyagio vyake. Fimbo hizo zimeunganishwa. Mwanafunzi akiivuta yake, ya mwalimu nayo husogea. Basi mwanafunzi akikosea, mwalimu huishika yake mara moja, akaiokoa eropleni na roho za watu wawili.

Eropleni moja ya namna hiyo iliitwa Avro Tutor, na maana ya Tutor ni mwalimu. Iliundwa Uingereza, ikafundisha marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo katika miaka ya 1930. Mabawa yake yalikuwa ya tabaka mbili. Mifupa yake ya chuma, ikavikwa kitambaa. Injini yake, iitwayo Lynx, ilikuwa na silinda saba zilizopangwa duara kama njiti za gurudumu.

Eropleni hizo ziliundwa kwa mamia, lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Zilipokuja mpya zaidi, Tutor ziliachwa. Eropleni ya vita husifiwa kwa ushindi wake. Ile ya kufundishia hugongwa chini kila siku na wanafunzi wasiojua bado kutua. Ikichakaa huvunjwa, wala hapana anayeililia.

Hata hivyo moja ilisalia. Iliundwa mwaka wa 1933, ikaandikwa namba K3215. Ilifanya kazi katika chuo cha Cranwell hata mwaka wa 1936, kisha ikapelekwa katika chuo kinachofundisha walimu wa marubani. Desemba 1946 ilifutwa katika hesabu ya jeshi, nayo ilikuwa Tutor ya mwisho kufutwa.

Baadaye, ilipokuwa mali ya mtu binafsi, ilitumiwa katika kupiga picha ya sinema iitwayo Reach for the Sky, iliyoonyeshwa mwaka wa 1956. Sinema hiyo yaeleza habari za Douglas Bader, rubani aliyekatwa miguu yote miwili, naye akaruka tena. Katika kazi hiyo kile chuma kikuu cha ndani ya injini, kinachozungusha rafadha, kilivunjika. Ikawa eropleni imepona miaka ya vita, sasa imelemazwa na chuma kimoja.

Alikuwako Mwingereza aliyeitwa Richard Shuttleworth, aliyependa kukusanya na kutengeneza magari na eropleni za zamani. Agosti 1940 alikufa katika mazoezi ya kuruka usiku, akiwa askari wa anga. Mwaka wa 1944 mama yake alianzisha amana kwa ukumbusho wa mwanawe. Amana hiyo ndiyo iliyoinunua Tutor ile iliyovunjika, na watu wakatangaziwa kwamba injini ya Lynx inatafutwa. Zikapatikana kadha, zilizokuwa zikiendeshwa ardhini tu. Mafundi wakachukua mbili, wakachagua vyuma vizuri vya hii na vya ile, wakaunda injini moja nzima. Ndipo K3215 iliporudi angani.

Makao yake ni Old Warden, kaskazini ya London, pamoja na eropleni nyingine za kale. Huko kuhifadhi si kufungia ghalani. Kitambaa hukaguliwa kisije kikaoza, nyaya zisilegee, injini isile kutu. Kisha hurushwa watu waione na kuisikia. Kazi hiyo yataka uangalifu mwingi, kwa maana ikianguka, hapana Tutor ya pili ya kushika mahali pake. Lakini yeye aionaye ikipita juu hufahamu jambo ambalo picha haiwezi kumwonyesha: jinsi vijana wa zamani walivyojifunza kuruka, mwalimu na mwanafunzi katika eropleni moja, kila mmoja na fimbo yake.