Kijidaftari Mfukoni, Gazeti Ukutani

Tuseme klabu ya afya ya shule yenu imekupa kazi ya kuandika habari kwenye gazeti la ukutani. Ijumaa usiku umekaa na karatasi nyeupe, kichwa kitupu. Ulisikia jambo la maana pale stendi ya Makambako, lakini lilikuwa lipi vile? Basi unabahatisha. Jumatatu shule nzima inasoma ulichobahatisha. Hiyo ni kasheshe! Habari ya afya ikikosewa, kuna mtu ataumia.

Dawa yake ni kijidaftari chako mwenyewe. Fanya hivi:

1. Andika papo hapo. Hata Julai, vidole vikiganda kwa baridi ya Njombe, mistari miwili inatosha. Weka tarehe na mahali.

2. Tia alama. O ni nimeona, S ni nimesikia, M ni nimesoma. Kwa mfano: "Stendi. S: mbu anaambukiza virusi vya UKIMWI." Hiyo S inakukumbusha kuwa hayo ni maneno ya watu tu.

3. Jioni hamishia kwenye daftari kubwa, kila mada na ukurasa wake: UKIMWI, hedhi, pombe, chakula. Usinakili, eleza kwa maneno yako. Ukishindwa kueleza, ujue hujaelewa. Msomi wa Ujerumani, Niklas Luhmann (1927–1998), alikusanya kadi kama 90,000 kwa kuandika kidogo kidogo, na humo ndimo alimochota vitabu vyake.

4. Hakikisha. Muulize mhudumu wa afya au mwalimu wa baiolojia. Ile ya mbu ni uongo: virusi hivyo havizaliani ndani ya mbu, na mbu akikuuma anaingiza mate yake, si damu ya mtu aliyemuuma kwanza.

Namba nazo zina mtego. Utasikia "Njombe asilimia 14.8." Hiyo ni ya utafiti wa 2011–2012, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa 2022–2023 ulipata asilimia 12.7, lakini kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Tafiti zote mbili ziliiweka Njombe juu kuliko mikoa mingine, ila huwezi kutoa moja kwa nyingine ukasema "imeshuka kiasi hiki." Namba isiyo na mwaka wala umri ni nusu namba.

5. Jumamosi chagua jambo moja tu. Andika ukurasa mmoja, kisha msomee mshikaji wako kwa sauti. Akikunja uso, andika upya.

Sasa sikiliza vizuri. Daftari linaweza kupotea bwenini, likaokotwa na yeyote. Mwenzako akikuambia amepima na ana virusi, usiandike jina, kidato wala kijiji chake. Habari yake ni yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Na hata kama hakuna sheria, hebu fikiri: jina moja likisomwa bweni zima, huyo mwenzako ataendaje tena kliniki kuchukua dawa?

Kwa hiyo swali liandike, jina liache. "Je, anayetumia dawa vizuri anaambukiza?" Peleka swali hilo kliniki, nawe utaambiwa: virusi vikipungua hadi kipimo hakivioni, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hiyo ndiyo habari ya kubandika ukutani. Huyo mwenzako ataisoma akiwa amesimama katikati ya wengine, na hakuna atakayejua kuwa swali lilikuwa lake.

Kalamu unayo? Anza leo.