Arosto ya Fegi Pia Ina Dawa, Wacha Kujikaza Kisabuni

Malindi tunaijua kliniki ya methadone. Tangu 2015 walionaswa na unga wanaenda hospitali kuchukua dozi yao, na siku hizi wengi wanaelewa huo ni ugonjwa. Lakini msee wa fegi akilia arosto, maskani nzima inamcheka: si uwache tu!

Haiwachiki hivyo, buda. Ukivuta, nikotini inafika kwa ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Ukiinyima, hasira juu, usingizi hakuna, kichwa hakitulii. Siku 3 za kwanza ndizo moto zaidi, alafu inapoa pole pole kwa wiki 2 hadi 4. Wengi huanguka kabla ya hapo, hasa jioni wakati muguka iko mdomoni na inaita fegi.

Sasa dawa. Kuna chingamu na plasta za nikotini, na WHO iliziweka kwa orodha ya dawa muhimu 2009. Zinakupa nikotini kidogo kidogo bila moshi, ile arosto isikuvunje. Kama fegi ya kwanza unaiwasha ndani ya nusu saa ya kuamka, kawaida utapewa chingamu ya miligramu 4. Ukichelewa zaidi, ya 2.

Shida ni vile watu huitafuna kama Big G, alafu wanalia kiungulia na kwikwi. Tafuna polepole mpaka iwashe, ipaki kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena, kama dakika 30. Kahawa na soda ziwe mbali robo saa kabla. Plasta nayo, na hili joto letu, jifute jasho kwanza, bandika kwa ngozi kavu, na kesho ubadilishe mahali.

Na vile vipaketi vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo? Hivyo si dawa. Hapo unahamisha deni tu.

Pia kuna vidonge, mfano bupropion, lakini mwenye kifafa asiviguse. Kwa hivyo ukifika hospitali, iwe Kilifi au Malindi, sema wazi: fegi ngapi kwa siku, muguka, ugoro, mimba, shida ya moyo. Ukiona haya kuanza uso kwa uso, piga 1192 ya NACADA, ni bure.

Na ukiteleza na fegi moja Jumamosi, usitupe zile plasta zimebaki. Jumapili bandika nyingine.